Nyangumi Hakutokea

Tak. Kimya. Tak.

Truphena alifumbua jicho moja. Chumba kilikuwa bado giza, kiyoyozi kinanguruma kivyake, na hapo miguuni pa kitanda kifuniko cha bati la biskuti kilikuwa kinafunguliwa na kufungwa na mtu aliyejiona mwizi hodari. Tak. Kisha ikafuata sauti ya kutafuna, ile ya panya aliyeshiba lakini bado hajaridhika.

"Jumana," akanong'ona.

"Nimelala," giza likamjibu kwa Kiswahili, mdomo umejaa.

"Aliyelala hali biskuti."

"Nakula kidogo tu. Tru, samaki mkubwa ana meno?"

"Utamwona leo, umuulize mwenyewe. Sasa panda kitandani. Na upunguze sauti, Mama Kabira atakusikia."

Katika neno hilo la mwisho ndimo taabu yote ilimokaa. Jumana alikuwa amefikisha miaka mitatu, na mbele ya baba yake, mama yake na nyanya yake alikuwa hajawahi kutamka neno hata moja. Alinyoosha kidole, alivuta nguo, alitikisa kichwa, basi. Lakini wakibaki wawili tu na Truphena, aliongea tangu anapofungua macho mpaka usingizi unapomkata katikati ya swali. Aliuliza kwa nini mbu hana viatu. Alimgombeza mwanasesere wake: "Kula! Usinisumbue, nina kazi mimi." Akidondosha kitu alishika kichwa na kusema "Woi!" kama mama wa sokoni Luanda, kule Vihiga nchini Kenya, ambaye hajawahi kumwona.

Truphena hakupanga iwe hivyo. Alipofika Riyadh kufanya kazi katika nyumba yao mtaa wa Sulimaniyah, Jumana alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika makochi. Madam Hanan, mama wa mtoto, anafundisha shule asubuhi na mchana husahihisha madaftari. Baba Sami, mumewe, yuko benki. Mchana kutwa walibaki yeye na mtoto, na alimsemesha kama ambavyo angemsemesha mwanawe Noah, aliyemwacha nyumbani. Nani hukaa akafikiria lugha ya kumwambia mtoto avae kiatu? Kiarabu katika nyumba ile kilikuwa kinapita mbio kama mtu anayechelewa kazini: lete, funga, yalla, yaani haraka, halas, yaani imetosha. Jumana naye akaamua kwamba hiyo ni lugha ya watu wakubwa, kama ilivyo kahawa chungu, na kwamba siku yake ya kuionja haijafika.

Truphena alipokuja kushtuka, mtoto tayari anasimulia hadithi. Akasema atamwambia madam kesho. Kesho ikawa na wageni. Wiki iliyofuata madam alikuwa na mitihani. Halafu madam akaanza kulia jikoni, kimyakimya, akiwa amegeukia friji, na kuanzia hapo kusema kukawa kama kurudisha kitu ulichoiba.

Sasa walikuwa wamekuja Jeddah kwa mama yake Baba Sami, mama mkubwa wa nyumba, ambaye wafanyakazi wote humwita Mama Kabira. Yeye ndiye aliyeona haya yamezidi. Alikuwa amemtafuta daktari wa masikio na ulimi, na miadi ilikuwa kesho yake asubuhi. Leo, ili moyo wa familia upoe kidogo, Baba Sami alikuwa amekodi boti wakaangalie pomboo, na Mungu akijalia, nyangumi.

Na baada ya Jeddah, Truphena alikuwa aende likizo. Mkataba ulikuwa umetimia, madam alikuwa ameahidi. Lakini wiki iliyopita madam alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na kusema kwa sauti ya uchovu, "Daktari akisema Jumana anaumwa, hutaweza kwenda, Truphena. Atakula kwa mkono wa nani?"

Kule nyumbani Noah alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Bibi yake ndiye anayemwita "mama". Truphena yeye, Noah humwita "mama wa simu". Juzi alikuwa amesikika akisema, "Bibi, mama wa simu anakutaka," halafu miguu ikakimbia nje kwenda kucheza.

*

"Mama Noah, wewe umekwisha," Hezron alimwambia chini, wakipakia barafu na maji kwenye gari. Hezron alikuwa dereva wa familia, Mkisii mwenye mdomo usiochoka. "Daktari atasema, fungua mdomo. Mtoto atafungua. Atasema, sema 'aaa'. Mtoto atamwambia, 'Nyamaza, nina kazi mimi.' Utarudishwa ofisini kwa mawakala waliokuleta, kama friji mbovu, na waranti juu."

"Wewe badala ya kunisaidia unanicheka."

"Nakusaidia vipi? Nimwambie bosi kwamba binti yake ni Mkenya?"

"Hezron!"

"Haya, haya. Mwambie madam mapema. Akikasirika, akasirikie baharini. Hawezi kukupeleka ofisini kwa kuogelea."

Hezron alikuwa amekula sahani nzima ya maharage na mkate, na alikuwa amevaa kofia mpya aliyoinunua sokoni Dirah kwa ajili ya siku hii. Bahari hakuwa amewahi kuingia. Alisema bahari ni maji tu, na maji ni maji.

Bafuni, Truphena alijaribu mara ya mwisho. Alikuwa amejaribu wiki nzima. Alimsimamisha Jumana juu ya kigoda, akamfuta uso, akasema, "Ukitoka hapa, mwambie mama yako, sabahulkheri, mama."

Jumana alijitazama kwenye kioo. "Hiyo ni ya watu wakubwa."

"Leo wewe ni mkubwa. Unapanda boti."

"Mkubwa ana ndevu."

"Mama yako ana ndevu? Sema, sabahul..."

"Sabu."

"Sema tena, polepole. Sa-ba-hul-khe-ri."

"Sema tena polepole," Jumana akamrudishia kwa sauti ileile ya mwalimu, kidole juu, akafurahi sana na kichekesho chake hata povu la dawa ya meno likamtoka puani. Mlango ukafunguliwa. Madam Hanan alikuwa amesimama na abaya, buibui lake, mkononi. Mtoto akafunga mdomo kama mtu anayefunga duka.

"Alikuwa anacheka?" madam akauliza.

"Alikuwa anacheka, madam," Truphena akasema. Hilo halikuwa uongo.

*

Kwenye kizuizi cha walinzi wa pwani, kabla ya boti kuruhusiwa kutoka, Baba Sami alitoa kwenye mfuko wake vitambulisho vya familia, na kwenye mfuko mwingine ikama ya Truphena, kadi yake ya kibali cha ukaazi. Truphena aliiona picha yake kwa mbali, ndogo, yenye hofu, ikipita mkononi mwa askari na kurudi mfukoni mwa bosi. Ikama yake haikukaa kwake. Kila alipoiona alihisi kama amekutana na ndugu aliyeozwa mbali.

Majaketi ya kujiokolea hayakutosha. Nahodha alipekua chini ya kiti akaibuka na moja la rangi ya machungwa, lenye picha ya bata kifuani.

"Hili ni la mtoto," Truphena akasema.

"Mtoto ana lake," nahodha akasema. "Hili ni lako. Wewe mwembamba."

Halikufungika mbele. Hezron akageukia baharini mabega yakimtikisika. "Bata mzinga," akasema kwa Kiswahili. "Ukizama, tutafuata sauti."

Familia ilikaa mbele kwenye mito, Mama Kabira na chupa yake ya kahawa na tende, madam pembeni yake, Baba akiwa na simu. Truphena na Hezron walikaa nyuma, wamelibana sanduku la barafu, injini ikiwapigia kelele migongoni. Ila Jumana hakukaa mbele. Alivuka miguu ya kila mtu akaenda kujikunja pajani pa Truphena, juu ya yule bata, na Mama Kabira akamtazama mkwe wake kwa jicho linalosema mengi.

"Angalia," akasema kikongwe, si kwa ubaya sana. "Hata kukaa hakai kwako. Ataanzaje kuongea?"

Madam Hanan alitazama maji. Truphena aliwahi kuona madam akisimama mbele ya watoto arobaini wa shule bila kutetemeka. Mbele ya mama mkwe, alikuwa kama msichana aliyesahau kazi ya nyumbani.

Nahodha aliwaambia kwamba nyangumi alionekana Alhamisi. Mkubwa. Kama basi. Inshallah na leo.

"Inshallah ya huyu," Hezron akamnong'oneza Truphena, "ni kama fundi wa nguo akikwambia upitie jioni."

Walikwenda mpaka majengo ya ufukweni Obhur yakawa meno madogo nyuma yao. Walimwona kasa, akatoa kichwa kama mzee aliyekatizwa usingizi, akazama. Halafu Baba Sami akasimama ghafla, "Nyangumi! Pale! Mweusi!" Boti ikainama upande kwa jinsi walivyokimbilia. Kweli kulikuwa na mgongo mweusi, mpana, unang'aa, unapanda na kushuka. Nahodha alisogea polepole, kwa adabu, mpaka wakasoma maandishi yaliyokuwa ubavuni. Lilikuwa tangi la maji.

"Nyangumi wa huku wana mfuniko," Hezron akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu kama asubuhi. Uso wake ulikuwa umeanza kupata rangi ya majivu.

Jumana, pajani, akavuta sikio la Truphena na kulisogeza mdomoni pake. "Tru, wamekosea," akanong'ona. Baba yake alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

*

Pomboo walikuja wenyewe, bila kutafutwa, wakati watu wanagawana mikate. Kwanza lilikuwa pezi moja, kisha migongo mingi ikitoka na kuingia majini kama sindano inavyopita kwenye nguo. Nahodha akazima injini. Kimya kilichoshuka kilikuwa kikubwa, na ndani yake wakasikia pumzi zao: pfuu, pfuu, kama watu wanaopuliza chai ya moto.

Mmoja alipita karibu kabisa na boti, na ubavuni mwake, amegandana naye, alikuwa mwanawe. Mama akipanda, naye anapanda. Mama akitoa ule mluzi wao mwembamba, mdogo anajibu. Mama mluzi, mtoto mluzi.

Jumana alikuwa ameshika shingo ya Truphena kwa mikono miwili. Macho yamemtoka. Mbele, madam alikuwa amegeuka, hamtazami pomboo bali mtoto wake, akingoja. Angeridhika hata na "aa". Jumana aliona anatazamwa, akaficha uso kwenye bata.

"Hata samaki," Madam Hanan akasema, akimwambia mumewe, au labda hakumwambia mtu, "hata samaki anamjibu mama yake."

Truphena alijua sauti ile. Alikuwa nayo mwenyewe, kila Ijumaa, simu ikiwa bado ya moto sikioni na miguu ya Noah inakimbia mbali. Akaona sasa hivi kwamba alichokificha hakikuwa makosa yake tu. Alikuwa amekaa miaka miwili akila chakula cha mtu mwenye njaa, na mwenye njaa amesimama mbele yake.

"Madam," akasema. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, maneno yanasimama kila moja kivyake kama sufuria rafuni. "Madam, Jumana anaongea. Anaongea sana. Kila siku. Kwa Kiswahili."

Kila mtu akageuka. Hezron akafumba macho, ama kwa sala ama kwa tumbo.

"Unasema nini?" Baba akauliza.

"Anaongea, Baba. Anasema kila kitu. Jumana, mama, waambie. Waambie umeona nini."

Jumana akainua uso. Akawatazama wakubwa wote wanne waliomwinamia, akatazama na nahodha, akabana midomo hadi ikawa myeupe.

"Mwambie mama yako. Neno moja tu. Si unaongea? Leo asubuhi si umeniuliza samaki ana meno?"

Kimya. Pfuu, akasema pomboo.

"Jumana, tafadhali."

Mtoto akatikisa kichwa. Madam Hanan alikuwa amepiga magoti mbele yao bila kujali maji yaliyotapakaa sakafuni. Akasimama taratibu, pindo la abaya linachuruzika.

"Najua unampenda," akamwambia Truphena, "na najua unataka kwenda nyumbani. Lakini usinidanganye kwa hili. Kwa lolote lingine, sawa. Kwa hili usinidanganye."

"Wallahi, madam..."

"Halas," Baba Sami akasema, na nahodha, aliyeona kwamba hali ya hewa imebadilika ndani ya boti, akawasha injini.

Kwa hiyo Truphena alikuwa amesema kweli na amekuwa mwongo. Alikaa na jaketi lake lisilofungika, uso unawaka, na mtoto pajani amelegea kwa raha kama ambaye hajaharibia mtu maisha. Likizo aliiona ikizama huko nyuma pamoja na lile tangi.

Boti iligeuza ubavu kwenye mawimbi. Ikapanda, ikakaa hewani kidogo, ikashuka. Ikapanda tena. Hezron, ambaye kwa muda alikuwa anatazama sanduku la barafu kama mtu anayesoma barua ya msiba, alisimama. Kofia ya Dirah ikapaa. Yeye mwenyewe akajitupa ukingoni, na maharage yote ya asubuhi yakaenda kuwafuata pomboo.

"Woi!" Jumana akapiga ukelele, kwa sauti iliyoishinda injini. "Tru! Hezron anatapika! Anawapa samaki chakula! Na kofia imeenda! Hezron, kofia yako inaogelea!"

*

Nahodha alizima injini tena, bila kuambiwa.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Kabira. Alianza tumboni, bila sauti, tende mkononi inatetemeka, kisha kikatoka kicheko cha mtu mwenye nusu ya umri wake. Hakuelewa neno hata moja, lakini hakuna aliyehitaji kutafsiriwa kidole kile kilichomwelekea Hezron.

"Huyo ndiye bubu wetu?" akasema, akijifuta macho. "Huyo ana ulimi wa wakili! Sami, unajua mimi nililelewa na mwanamke wa Kano, kule Afrika ya Magharibi? Mama yangu hakujua nasema nini mpaka nilipokuwa naenda chuoni kwa mwalimu. Mpaka leo nikijigonga kidole, ninaitukana meza kwa lugha yake."

"Hukuwahi kutuambia," Baba Sami akasema. Simu ilikuwa imemdondoka kwenye maji ya sakafuni na hakuwa ameiokota.

"Kwani mimi nikitukana hukuwa unasikia?"

Lakini Madam Hanan hakuwa anacheka. Alikuja nyuma akaketi juu ya sanduku la barafu, mahali pa Hezron, goti lake likigusana na la Truphena.

"Miaka miwili umemsikia," akasema. "Mimi nilikuwa namwomba Mungu anipe neno moja tu."

"Nisamehe, madam. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Unirudishe ofisini. Nisiende kwa Noah."

Madam aligeuza kichwa. Alikuwa anamtazama binti yake, ambaye sasa, kwa kuwa duka limeshafunguliwa, alikuwa anamshauri Hezron anywe maji na apake mafuta tumboni.

"Noah anaongea na wewe?" akauliza.

"Anaongea na bibi yake. Mimi ananiita mama wa simu."

Madam Hanan akacheka kidogo, kicheko kilichokuwa na maji ndani yake. "Basi tuko wawili," akasema. "Mama wa simu na mama wa madaftari."

Kutoka mbele Mama Kabira akapaza sauti. "Daktari nitampigia mimi. Nitamwambia asubiri, mgonjwa si mtoto. Mgonjwa ni mama, hajui Kiswahili."

Na kwa mara ya kwanza tangu wafike Jeddah, mkwe alimjibu mama mkwe wake. "Na nyanya je? Nyanya anakijua?"

"Mimi nitajifunza kutukana tu. Inanitosha."

Madam akamgeukia Truphena. Sasa alikuwa na uso wa darasani, ule usiotetemeka. "Likizo yako iko palepale, niliahidi. Lakini huwezi kuondoka ukaniachia mtoto nisiyemwelewa. Anza sasa. Akitaka maji anasemaje?"

"Nataka maji."

"Nataka maji. Akisikia usingizi?"

"Huyu? Husema 'sina usingizi'."

Hezron, akiwa amelaza shavu kwenye ukingo wa boti, akatoa sauti dhaifu. "Mfundishe na 'pole, Hezron'."

"Pole, Hezron," madam akasema, vizuri kabisa, na Hezron akashtuka kiasi cha kukaa wima.

"Nataka ile ya kumwita," Madam Hanan akasema. "Ya kumwita aje akae kwangu."

Truphena akamwambia, mara moja, mara mbili. Madam alisogeza midomo bila sauti, kama anayefanya mazoezi kabla ya kusimama mbele ya watu. Jua lilikuwa limeanza kulainika juu ya maji, na kwa mbali migongo ya pomboo bado ilikuwa inapita. Nyangumi hakutokea, na hakuna aliyekuwa anamkumbuka isipokuwa nahodha, ambaye bado alikuwa anaapa kwamba Alhamisi alikuwepo.

Madam akafungua mikono yake.

"Njo... ka... mimi," akasema. "Njo, Jumana. Kaa na... na mama."

Jumana aliacha kumshauri Hezron. Akamtazama mama yake muda mrefu, kichwa upande, jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa kuanza lakini ambaye, akishikwa mkono, huenda akafaulu. Akateremka. Paja la Truphena likabaki na joto lake tu. Mtoto akavuka ile hatua moja ya sakafu iliyolowa, akapanda juu ya sanduku la barafu, akajipenyeza kwenye abaya nyeusi na kumshika mama yake kidevu kwa vidole vyenye makombo ya biskuti.

"Sema tena, mama, polepole."